Jogoo Aliyejua Urefu wa Fimbo Yako

Manyoni, Jumapili alasiri

Fausta mwanangu,

Barua hii hutaisikia leo. Nitampa Sabina, mama yako mdogo, aitie chini kabisa ya begi lake, akusomee mkishafika Ifakara, mkishaoga na kula, mkiwa mmekaa barazani kwake. Asome polepole. Akifika mahali anapotajwa yeye mwenyewe asiruke, hata kama nimeandika asiyoyapenda. Sabina, umesikia.

Sasa hivi nyinyi wawili mmekwenda kuaga mtaani. Najua mtachelewa, kwa sababu wewe humuagi mtu mara moja. Unatoka mlangoni kwake, unafika njia panda, halafu unakumbuka kwamba hukumshika mkono mtoto wa mwisho, unarudi. Nyumba imetulia. Begi lako liko karibu na mlango tangu asubuhi, na juu yake umeweka kofia yako ili mtu yeyote asisahau ni la nani.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za vidonge, wala za kutotoa mkono nje ya dirisha la basi. Hayo unayajua, na nikiyarudia utanikumbusha kwamba nimekwisha kuyasema. Nakuandikia jambo moja tu. Kila jioni tukishakula, wewe husogeza kigoda chako karibu na kiti changu, unauliza, "Baba, nilitembeaje?" Nami nasimulia. Kuanzia kesho hutakuwa na wa kumwuliza, kwa hiyo nakuandikia yote, pamoja na vipande ambavyo huwa navikata, vingine kwa sababu ya usingizi na vingine kwa sababu mimi sionekani vizuri ndani yake.

Watu wa hapa Manyoni hudhani mimi ni mtu wa Ifakara, nami siwasahihishi. Kwa kweli nilizaliwa Uchindile, kule juu kwenye ukungu, nikashuka bondeni nikiwa mwalimu kijana mwenye sanduku la vitabu. Nikamwoa mama yako Agata, na pamoja naye nikapata mama yake, yaani Bibi yako, na mdogo wake Sabina, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaolewa na alikuwa na mdomo kuliko mtaa mzima. Sasa nimeishi huku kwenye ukame miaka mingi kuliko niliyoishi kule, lakini nikiota naota maji. Nikifumba macho sioni kitu kikubwa. Naona baiskeli imebeba magunia mawili ya mpunga na mwenye baiskeli anaisukuma kwa bega, shingo imekaza. Naona mto Lumemo umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nasikia harufu ya mchele mpya jikoni kwa watu, ile inayomfanya mpita njia apunguze mwendo bila kujua kwa nini.

Ulizaliwa huko, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mvua. Daktari alitukalisha kwenye benchi akasema una hali inayoitwa Down sindromu. Alitueleza vizuri, bila haraka. Alisema huo si ugonjwa wa kuambukiza, si kosa la mama wala la baba, na hauna dawa kwa sababu si kitu cha kutibiwa. Alisema utachelewa kukaa, utachelewa kusimama, utachelewa kusema.

Mama yako akamwuliza, "Atachelewa, au hatafika?"

Daktari akafikiri. "Atachelewa."

Mama yako akakaza khanga yake kiunoni. "Basi tutamngoja," akasema, tukarudi nyumbani.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu siku ile. Yeye alijua kungoja. Mimi sikujua. Mimi nilidhani kungoja ni kufanya kitu kila dakika ili asije mtu akasema sikufanya.

Ulikuwa laini sana. Watoto wengine ukiwabeba wanakushika. Wewe ulimwagika mikononi kama unga uliotiwa maji mengi. Tukikukalisha, miguu ilifunguka pande mbili kama ya chura, na tukikusimamisha magoti yalikunjika taratibu, bila ubishi, ukajikuta umekaa tena na unatabasamu. Bibi yako alikubeba mgongoni kutwa nzima, miguu imepanuka kuzunguka kiuno chake, kama watoto wote wa bonde lile wanavyobebwa. Tulipoanza kukupeleka hospitali kwa mazoezi ya viungo, Sista aliyekuwa anashughulika na watoto alitufundisha kwamba kwa mtoto mwenye viungo vilivyolegea kama vyako, miguu ikizoea kupanuka hivyo, nyonga hazijui kukaa chini ya mwili. Mama yako akakushonea kaptula ya kitenge ambayo mapaja yake mawili yameshonwa pamoja hadi karibu na magoti. Ulikuwa unaivaa kwa saa chache mchana.

"Mmemtia mtoto kwenye gunia," Sabina alisema alipoiona. "Bado kupima kilo."

Lakini ndiye aliyekushonea ya pili, yenye maua.

Hapa lazima nikueleze jambo kuhusu Bibi yako, maana bila hilo hutaelewa mwisho wa barua. Nyumba tuliyopanga ilikuwa inatazamana na uwanja wake. Yeye alikuwa mtu wa desturi za zamani, na katika desturi zake mama mkwe hasemi na mkwe wake wa kiume ana kwa ana. Nikimwamkia shikamoo aliitikia akiangalia ukuta. Akiwa na neno la kuniambia alimwambia mama yako nikiwa nasikia. Ulipozaliwa wewe, akaanza kukutumia wewe. Ulikuwa huna jino hata moja, umelala kwenye khanga, naye anakuinamia na kusema, "Fausta, mwambie baba yako paa linavuja." Au, "Fausta, mwambie baba yako mwalimu mzima havai shati lisilo na kifungo." Wewe unamtazama tu, unatoa ulimi. Mimi nakwenda kutafuta sindano.

Ulipopita mwaka wa pili bila kusimama, Bibi yako alichimba shimo. Lilikuwa pembeni mwa uwanja, penye mchanga, kina chake kufika mapajani mwako. Ndivyo walivyofanya kwao kwa mtoto aliyechelewa: anasimamishwa ndani, mchanga unarudishwa kumzunguka, anakaa wima kama nguzo huku mama anaosha vyombo. Sabina mwenyewe alipitia shimo kama hilo.

"Nami likanisimamisha," alikuwa anajigamba. "Tangu hapo hakuna aliyeweza kunikalisha."

Wewe ulilia ndani ya shimo lile kila asubuhi. Nilipomwuliza Sista, hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Mle anayesimama ni mchanga. Mtoto amepumzika tu." Sikujua nitampelekeaje Bibi yako maneno hayo. Nikamwambia mama yako, mama yako akamwambia mama yake. Kesho yake tulikuta shimo limefukiwa na juu yake pamepandwa mchicha. "Fausta," alisema, "mwambie baba yako sasa ni zamu yake tuone."

Zamu yangu haikuwa nzuri zaidi. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye jedwali la mtoto anachotakiwa kufanya kila mwezi, nami nilikisoma kila jioni kama mtu anayesoma hukumu. Jioni nikitoka shule nilikushika mikono yote miwili, nikaiinua juu ya kichwa chako, nikakutembeza uwanja mzima. Vidole vya miguu viligusa ardhi hapa na pale. Watu waliokuwa wanapita walisema, "Aa, Fausta anatembea," nami nilifurahi. Nikakupeleka hospitali kuonyesha. Sista alitutazama tunakwenda na kurudi, kisha akasema, "Mwalimu, hapo anayetembea ni wewe."

Akanionyesha. Mtoto asivutwe kutoka juu. Ashikwe chini, kwenye nyonga, kwa wepesi, ili uzito wa mwili wake aubebe mwenyewe na ajue unaangukia upande gani. Na mkono uondoke kabla hajauzoea. Nilielewa kila neno. Ningeweza kulifundisha somo hilo ubaoni. Lakini kila ulipoyumba kidogo, mikono yangu ilikuwa imekwisha kukudaka kabla sijaiamuru.

Nieleze nilichokuwa naogopa, kwa sababu kilikuwa na sababu yake. Nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa pili, palikuwa na binti mkubwa ambaye hatukuwahi kumwona. Tulisikia sauti yake tu nyuma ya pazia tulipopita kwenda kisimani. Hakuna aliyemficha kwa ubaya. Alikuwa hatembei, akawa mzito, mama yake akachoka kumbeba, basi akabaki pale alipowekwa mara ya mwisho. Wewe ulikuwa unakaribia miaka mitatu. Bibi yako alianza kushika kiuno kila anapoinama. Mama yako alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, mimi nilikuwa na darasa. Kila mwezi ulizidi kuwa mzito kidogo, na kila mwezi kulikuwa na mahali pamoja zaidi ambapo hatukwenda nawe. Kwanza shamba. Halafu sokoni. Halafu kanisani, isipokuwa siku kuu. Hatukulisema. Lakini usiku mama yako alipokosa usingizi nilijua anasikiliza ile sauti ya nyuma ya pazia.

Kilichoanza kusaidia ni magunia. Sebuleni kwa Bibi yako palikuwa na magunia ya mpunga yamelazwa kando ya ukuta, marefu kama kitanda, kimo chake kufika kifuani kwako. Yalikuwa magumu kiasi cha kukushikilia na laini kiasi cha kutokuumiza. Ulijivuta ukasimama, ukaegemeza kifua juu yake, ukaanza kusogea upande upande, mkono mmoja, mguu mmoja, kama kaa. Mwanzo wa sebule hadi mwisho. Mama yako alipoona hivyo aliyasogeza magunia yakaachana kwa upana wa kiganja. Ukafika kwenye pengo, ukasimama, ukatazama chini kama mtu aliyefika mtoni. Kisha ukanyoosha mkono, ukavuka. Wiki iliyofuata akayaachanisha zaidi. Mimi nikirudi shule nilikuwa nayarudisha karibu karibu. Yeye anayatenganisha, mimi nayasogeza, hakuna anayemwambia mwenzake neno, mpaka siku moja Sabina aliposema, "Shemeji, hebu yaamulie magunia haya. Yameolewa au yameachika?"

Ikaja mavuno. Unalijua jambo hili kuliko mimi sasa, lakini acha nilieleze, nipate kupita pale tena. Uwanja wa Bibi yako ulitandikwa maturubai kuanzia mlangoni hadi kwenye mchicha, na mpunga ukamwagwa juu yake uanikwe. Mpunga ukianikwa hauachwi tu. Lazima ugeuzwe, na kule hawaugeuzi kwa mkono. Wanawake wanavua viatu, wanaingia, wanatembea polepole wakiburuta nyayo, na kila anayepita anaacha mifereji miwili nyuma yake. Wakirudi wanaibomoa na kuchora mingine. Mama yako alikuwa anageuza hivyo huku amefunga mikono kifuani, anawaza mambo yake. Sauti ya mpunga ukiburutwa ni kama mvua nyepesi juu ya majani. Sijaisikia tena tangu tuhame.

Wewe hukupenda mpunga mwanzoni. Unawasha, na nyayo zako hazikuwa zimezoea kitu chochote. Tulipokuweka juu yake ulikunja vidole na kuinua miguu yote miwili kwa pamoja kana kwamba pana moto. Mama yako hakukulazimisha. Alikukalisha pembeni mwa turubai, akachukua konzi moja ya mpunga akaimwaga juu ya mguu wako mmoja, kisha akaondoka. Kesho yake miguu yote miwili. Baada ya siku kadhaa ulikuwa unajifukia mwenyewe hadi vifundoni.

Kisha Bibi yako akakupa fimbo na kazi. Kazi ilikuwa kuinga kuku. Ulikaa pale na kifimbo cha mtete, na kuku akikanyaga turubai ulipiga chini na kusema, "Shaa." Hilo ndilo neno lako la kwanza, Fausta. Huwa nakwambia ni "baba". Si kweli. Ni "shaa".

Kuku wa kawaida walikimbia. Lakini kulikuwa na jogoo mwekundu wa jirani, mkubwa, anayetembea kwa madaha kama mtu aliyefunga mikono mgongoni, na kwa sababu hiyo Sabina alimwita Mwenyekiti. Mwenyekiti alichukua siku moja tu kuelewa mambo mawili: kwamba wewe huinuki, na kwamba fimbo yako ina mwisho. Alikuja, akapita mbele yako, akaenda kusimama pale ambapo ncha ya fimbo inakomea na kidole kimoja zaidi. Hapo akala. Ulipojinyoosha, alirudi nyuma kidogo. Ulipojirudisha, alisogea. Alikuwa na kipimo kichwani, jogoo yule. Ulipiga kelele hadi sauti ikakauka, naye aliinua kichwa, akakutazama kwa jicho moja, akaendelea.

Ilikuwa likizo, nami nilikuwa barazani na kitabu changu. Nikasimama, nikamfukuza. Akarudi, nikamfukuza tena. Mara ya tatu Bibi yako, ambaye alikuwa anapepeta kwenye ungo, akasema bila kuinua macho, "Fausta, mwambie baba yako akae chini."

Nikakaa. Mwenyekiti akaja. Nikasimama.

"Shemeji," Sabina akasema, "wewe umeajiriwa na nani kulinda mpunga? Serikali inajua?"

"Jogoo anakula," nikasema.

"Jogoo ni wa Fausta," mama yako akanijibu kutoka katikati ya turubai. Hakuacha kutembea. "Zamu ni yake."

"Agata, hamfikii."

"Asipomfikia, jogoo atashiba. Hakuna zaidi."

Na nilipomtazama Bibi yako nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akiokota punje moja moja zilizoanguka nje ya turubai. Gunia lake la akiba ndilo lililotupitisha miezi ya njaa. Alimtazama Mwenyekiti akila mpunga wake, akaendelea kupepeta. "Fausta," akarudia, "mwambie baba yako akae chini."

Nikakaa. Safari hii nilikalia mikono yangu, kweli kabisa, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani.

Mwenyekiti alishiba siku ile. Alishiba na siku iliyofuata. Huwa sikusimulii siku hizo kwa sababu ndani yake hakuna kinachotokea: unapiga kelele, unajinyoosha, unaanguka kifudifudi, unainuka na punje zimeganda mashavuni, unanitazama. Hilo la kunitazama ndilo lililokuwa gumu. Ulinitazama kwa sababu ulikuwa umezoea kwamba nikitazamwa nasimama. Nami nikaangalia kitabu changu na sikusoma mstari hata mmoja. Mara moja uliinua makalio juu, mikono ikiwa chini, ukakaa hivyo kwa muda kama mtu anayetafuta sindano, kisha ukaanguka tena upande. Nilifikiri umejikwaa. Mama yako alisimama katikati ya mpunga, akatazama, halafu akaendelea kuburuta nyayo.

Asubuhi moja, jua lilikuwa bado halijawa kali, Mwenyekiti alikuja kama kawaida yake. Akapita mbele yako. Akasimama mahali pake. Wewe hukupiga kelele. Uliweka fimbo chini, ukaweka viganja vyako juu ya mpunga, ukainua makalio, ukakaa hivyo. Kisha mkono mmoja ukatafuta fimbo, ukaipata. Kisha ukasimama. Hukuwa umeshika gunia wala ukuta wala mtu.

Miguu yako ilikuwa imezama hadi vifundoni, na nadhani hiyo ndiyo iliyokusaidia. Kwenye ardhi tupu nyayo zako bapa ziliteleza na kupanuka. Kule ndani mpunga ulizishika pande zote. Hukuinua mguu. Uliuburuta, kama mama yako, kwa sababu ndivyo ulivyoona watu wakitembea uwanjani pale tangu msimu uanze. Ukaburuta wa kulia. Ukaburuta wa kushoto. Tumbo mbele, mikono imetanuka, fimbo inatikisika. Nyuma yako ikabaki mifereji miwili, yenye upana usiolingana.

Mwenyekiti hakuamini. Alikutazama kwa jicho la kushoto, akageuza kichwa akakutazama kwa la kulia. Kipimo chake kilikuwa kinamwambia asimame hapo. Alibaki palepale mpaka fimbo ilipomgusa mkia.

"Shaa," ukasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema neno la siri.

Aliruka hadi juu ya ua wa jirani. Wewe ukakaa kwa kishindo, ukachota mpunga ukautia mdomoni.

Sabina, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Mama yako alikuwa amesimama, mikono imefungwa kifuani, na machozi yanateremka bila yeye kuyafuta. Na Bibi yako akaweka ungo chini, akanigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe wangu," akasema, "umeona?"

"Nimeona, mama," nikasema.

Kisha akakumbuka, akageukia ukuta. Hatukuzungumza tena ana kwa ana mpaka alipofariki. Jioni, wakati wa kukusanya mpunga, Sabina alianza kuzoa upande wa mbali. Ile mifereji yako miwili ilikuwa ya mwisho kuzolewa.

Hapo ndipo huwa naishia, nawe husema "Tena." Leo naendelea.

Ulipokuwa na miaka sita nilihamishiwa huku. Ulipanda gari kwa miguu yako, ukiyumba kidogo kama unavyoyumba mpaka leo, na Bibi yako akakupa fimbo mpya ya kusafiria. Huku hakukuwa na mpunga wala uwanja. Kulikuwa na mtama, upepo, na watu wasiotujua. Nami nikasimama tena. Sikujua kwamba nimesimama. Ilikuwa inafanana sana na kupenda. Mtu alipokuuliza jina, nililitaja mimi. Dukani nilitoa hela kabla hujafungua mkoba wako. Nilikukatia nyama vipande vidogo ukiwa na miaka ishirini. Wewe ulingoja, ukanitazama kwa uvumilivu, kama ulivyokuwa ukimtazama jogoo. Mama yako alikuwa ananiambia. Alikuwa anapita nyuma ya kiti changu, ananiwekea mkono begani, anasema tu, "Kaa chini, baba Fausta," nami nakaa. Tangu tulipomzika hapa Manyoni hakukuwa na wa kuniambia.

Mwaka jana ulipokwenda kwa Sabina wakati wa mavuno, nilikuruhusu kwa mwezi mmoja na nikahesabu ni matembezi. Ulirudi nyayo zimekuwa ngumu. Ulikaa kwenye kigoda chako, hukuuliza ulitembeaje. Ulisema, "Baba, nina kazi." Ukanieleza kwamba kwenye uwanja wa Sabina, karibu na mashine ya kukoboa, wewe ndiwe unayegeuza mpunga wa turubai la mwisho, na kwamba hata wenye magunia yao wanakuulizia. Nikasema vizuri. Kisha Sabina akapiga simu kuomba urudi moja kwa moja, ukae. Nikasema goti langu linauma, tungoje. Akapiga tena, nikasema mvua.

"Shemeji," akasema, "goti lako huuma kila ninapotaja Ifakara. Kalipeleke hospitali, likapimwe uongo."

Hili, Sabina, lisome kwa sauti. Ulisema kweli, na ulipokuja mwenyewe kumchukua sikulitaja tena goti.

Na sasa neno langu kwako wewe Sabina, kisha namalizia na mwanangu. Kwenye uwanja wako kuna kuku. Wakati mwingine watakuja upande wa Fausta, naye hatakuwa mwepesi. Atachelewa. Wateja watakutazama. Utaona miguu yako yenyewe inataka kukimbia. Unajua la kufanya, maana ulikuwepo.

Fausta, jana uliposhughulika na begi lako nilikuwa nimekaa hapa hapa. Ulikunja magauni vibaya, ukatia redio katikati, ukatia kofia, ukaitoa kofia. Sweta ukaliweka pembeni. Nikainuka nije nikukunjie upya. Ulikuwa umenipa mgongo. Hukugeuka. Ukasema, "Baba, kaa chini."

Hukusema kwa hasira. Uliendelea kukunja. Nikakaa, na nilipokaa ndipo nilipogundua nani anazungumza. Ulikuwa hujui kusema ulipotumwa maneno hayo. Ulikuwa na mpunga mashavuni na fimbo mkononi, na aliyekutuma amekwisha kufa, na aliyekuwa akiyarudia baada yake naye amekufa. Mwanangu, ujumbe wa Bibi yako umenifikia.

Nasikia sauti yako njia panda. Unamrudia mtu kumshika mkono, kwa hiyo bado nina dakika chache.

Basi litapita kabla ya kupambazuka. Begi utalibeba mwenyewe hadi barabarani, na ngazi ya basi utaipanda mwenyewe, polepole, kondakta akisema apendavyo. Ukigeuka utaniona barazani, taa ikiwaka. Ukiona sijainuka hata basi linapoanza kuondoka, usiseme Baba hakujali, na Sabina asikudanganye kwamba ni goti.

Nitakuwa nimekaa chini.

Baba yako